Rola Kosta Mpya Pwani ya Dar es Salaam: Kutoka Dalili Hadi Chanzo cha Hitilafu

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mafundi, wasimamizi wa zamu na waendeshaji wa rola kosta (treni ya burudani inayopanda na kuteremka kwa kasi kwenye reli ya vilima) iliyojengwa karibuni jijini Dar es Salaam, hasa ile iliyo karibu na bahari, iwe upande wa Kunduchi, Mbezi Beach au Kigamboni. Hauchukui nafasi ya kitabu cha mtengenezaji, kwa sababu vipimo vya mkazo wa bolti, mianya ya magurudumu na kikomo cha upepo hutoka huko na si kwingine. Kazi yake ni kumtoa fundi kwenye dalili anayoiona au kuisikia na kumfikisha kwenye chanzo, bila kubahatisha na bila kubadilisha spea tatu ili kuipata moja iliyokufa.

Wengi huamini kwamba mtambo mpya ndio ulio salama kuliko yote. Katika wiki za kwanza, hata hivyo, bolti hupoteza mkazo kadiri rangi na bati zinavyobanana, mnyororo hurefuka pini zinapokaa mahali pake, na sensa zilizofungwa harakaharaka husogea kutokana na mtikisiko. Sehemu kubwa ya hitilafu za msimu wa kwanza ni mtambo kutulia tu, lakini nyingine ni kasoro za kiwandani au za ufungaji, na ugumu wa kazi uko katika kuzitenganisha hizo mbili.

Kabla ya kugusa chochote

Treni iliyosimama juu ya mlima, hewa iliyobanwa kwenye tangi la kompresa na springi iliyokazwa ndani ya breki vyote vinaweza kumuumiza mtu hata swichi kuu ikiwa imezimwa. Kila fundi anayeingia ndani ya uzio afunge kufuli lake mwenyewe kwenye swichi hiyo, ufunguo ukae mfukoni mwake, na asiwepo mtu mwingine yeyote, hata bosi, mwenye ufunguo wa akiba. Treni izuiwe kwa pini au ikae kituoni, hewa itolewe kwenye mabomba, ndipo kazi ianze.

Jambo la pili ni kusoma ujumbe wa kompyuta kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanzisha upya. Foleni ikiwa ndefu, kidole huwahi kuliko jicho, na hali ya sensa kama ilivyokuwa wakati mtambo unasimama hupotea. Piga picha ya kioo kwa simu, andika saa, kasi ya upepo, namba ya treni na idadi ya abiria waliokuwamo. Hitilafu inayorudi kila siku saa nane mchana, jua likiwa kali, haina chanzo kimoja na ile inayokuja jioni pekee.

Treni inasimama kwenye mlima wa mnyororo

Uliza kwanza iwapo treni imesimamishwa kwa makusudi. Kompyuta huusimamisha mnyororo unaoipandisha treni mlimani pale kipande cha reli kilicho mbele kinapokuwa bado hakijaachwa wazi na treni iliyotangulia, na hapo mtambo haujaharibika, unatekeleza wajibu wake. Ikiwa kipande cha mbele kiko wazi na mota ndiyo iliyokata, pima umeme kwenye paneli wakati mota inavuta treni iliyojaa, si wakati imepumzika. Umeme wa Tanzania ni volti 400 kwa fezi tatu na hezi 50, na jioni, majumba ya jirani yanapowasha viyoyozi, volti zinaweza kushuka kiasi cha kuifanya mota ivute ampea nyingi zaidi hadi kinga yake ikakata. Fezi moja ikipotea, dalili ni ile ile, ila mota hunguruma kabla ya kukata. Mtambo ulioagizwa kutoka Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, uchunguzwe pia kama kifaa cha kurekebisha kasi ya mota kimepangwa kwa ajili ya huku, kwa sababu mota iliyounganishwa moja kwa moja kwenye hezi 50 huzunguka kwa takriban sehemu tano kati ya sita tu, yaani asilimia 83, ya kasi yake ya asili.

Umeme ukiwa sawa, uangalie mnyororo. Mnyororo mpya uliorefuka hulegea upande wa kurudi na kupiga kwenye mfereji wake, nao hurekebishwa kwa kifaa cha kukazia kilichopo mwisho wa mlima. Kwenye fukwe zetu kuna tatizo la ziada: upepo hubeba mchanga laini, nao mchanga ukichanganyika na grisi hugeuka kuwa dawa ya kusagia chuma. Chukua grisi kidogo ya mnyororo, isugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi chembechembe, kuongeza grisi nyingine juu yake ni kuongeza madhara. Safisha kwanza.

Ile sauti ya tak-tak-tak treni inapopanda hutokana na vyuma vya kuzuia kurudi nyuma, vinavyoangukia kwenye meno yaliyo katikati ya reli. Baadhi ya mitambo ya kisasa huvinyanyua vyuma hivyo ili kupunguza kelele, kwa hiyo ukimya peke yake si ugonjwa. Ugonjwa ni mabadiliko. Sauti iliyokuwa sawia ikianza kuruka pigo, huenda springi imekatika au chuma kimoja kimekwama kwa kutu, na treni hiyo itolewe kazini siku hiyo hiyo, kwa kuwa kifaa hicho huhitajika pale tu mnyororo au umeme unapokatika, na wakati huo hakuna nafasi ya kukijaribu.

Treni inakosa kasi, au inakwama bondeni

Treni ya rola kosta ya kawaida haina injini. Mali yake yote ni kimo cha mlima wa kwanza. Mlima wa mita 30 hauwezi kutoa zaidi ya takriban kilomita 87 kwa saa hata kama kusingekuwa na msuguano wowote. Kila kinachokula kasi hiyo, iwe upepo, beringi ngumu, gurudumu lililobana au breki ya katikati ya njia isiyofunguka vizuri, kinakula akiba ambayo haina pa kuongezewa.

Njia bora ya kugundua tatizo hili mapema ni kupima muda ambao treni hutumia kati ya sensa mbili zilezile katika kila mzunguko, na kuuandika. Treni zote zikichelewa kwa pamoja, tafuta sababu nje yake: upepo, au breki za njiani. Treni moja ikichelewa peke yake, inua behewa baada ya behewa na uzungushe kila gurudumu kwa mkono. Lenye beringi mbovu husimama mapema na hukwaruza. Treni tupu asubuhi huenda polepole kuliko iliyojaa, hivyo usilinganishe mizunguko ya majaribio na ile ya Jumamosi jioni.

Kuhusu upepo, msimu wa kusi huanza takriban Aprili na kuendelea hadi Septemba, na huvuma kwa nguvu zaidi katikati ya mwaka, kipindi kile kile cha Sabasaba na likizo za shule ambapo wateja ni wengi na meneja hataki kusikia neno kufunga. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ni wa eneo pana, na haukuambii kinachotokea kwenye kilele kilicho wazi mita chache kutoka baharini. Kipima upepo kifungwe juu kabisa ya mtambo, na kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji kisijadiliwe na mtu yeyote aliye chini.

Kelele, mgongano na mtikisiko

Hapa ndipo mafundi hupoteza siku nyingi, kwa sababu wanaanza kufungua kabla ya kusikiliza. Kila seti ya magurudumu ina aina tatu: yanayobeba uzito juu ya reli, yanayoelekeza ubavuni, na yale ya chini ya reli yanayozuia behewa kunyanyuka. Haya ya chini yalipewa hataza mwaka 1919 kwa jina la Mmarekani John Miller, na bila hayo vilima vinavyomnyanyua abiria kitini visingewezekana. Kila aina ina kelele yake, lakini maswali matatu hutangulia.

Je, kelele hutokea mahali palepale kwenye reli, treni yoyote ipitapo? Basi tatizo liko kwenye reli: kiungo chenye ngazi, bolti iliyolegea, au nguzo iliyozama. Je, huifuata treni moja popote iendako? Basi liko kwenye treni. Je, mapigo yake huongezeka kasi kadiri treni inavyoongeza kasi? Basi ni gurudumu au beringi. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 30 lina mzingo wa karibu sentimita 94, kwa hiyo kwenye mwendo wa mita 20 kwa sekunde huzunguka kama mara 21 kila sekunde; sehemu moja bapa juu yake itasikika kama mngurumo badala ya pigo mojamoja, na ndiyo maana inafaa kuisikiliza treni ikiwa inaingia kituoni polepole, ambapo pigo hujitenga na kuhesabika.

Sehemu bapa ina vyanzo viwili. Gurudumu la poliyuretani (plastiki inayonepa kama mpira) lililobeba treni iliyolala mahali pamoja usiku kucha hujibonyeza kidogo, na baada ya mizunguko michache hurudi katika umbo lake. Lakini lililokwaruzwa kwa kuburuzwa kwenye breki halirudi, na libadilishwe. Poliyuretani ni tulivu zaidi kwa abiria, wakati nailoni ni ngumu, huenda kasi na hutikisa zaidi; kuchanganya hizo mbili kwenye ekseli moja kwa sababu spea imekwama bandarini ni jambo ambalo sijaona kitabu chochote kikiliruhusu.

Katika joto la Dar es Salaam adui mkubwa wa gurudumu ni kubanduka. Tabaka la poliyuretani hugandishwa kwenye kitovu cha chuma kwa gundi, na joto la msuguano likiongezwa kwenye jua la mchana huidhoofisha gundi hiyo kutoka ndani. Tumia kipimajoto cha miale, upime kila gurudumu mara treni ifikapo kituoni, ulinganishe na majirani zake. Namba yenyewe si muhimu kama tofauti: gurudumu moja likiwa na joto kuliko wenzake wa upande ule ule, beringi yake inakufa au limebana kupita kiasi. Kisha angalia ukingo pale plastiki inapokutana na chuma. Mstari mwembamba kama unywele, wenye vumbi jeusi lililojikusanya ndani yake, ni mwanzo wa kubanduka.

Kelele inayokuja mchana na kutoweka asubuhi inaweza kuwa ya jua tu. Chuma cha urefu wa mita 100 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka kwa takriban milimita 36, na usanifu mzuri huacha nafasi kwa ajili hiyo. Iwapo nafasi hizo zimejazwa rangi, saruji au mchanga, reli hujikunja kidogo na magurudumu ya ubavuni hupiga kelele.

Wala isidhaniwe kwamba matatizo ya magurudumu na mabehewa ni ya viwanja vidogo. Top Thrill 2, iliyoko Cedar Point nchini Marekani, ilifunguliwa Mei 2024 na kusimamishwa baada ya siku chache tu kwa sababu ya mabehewa yake. Ilikaa imefungwa msimu wote uliobaki na kurejea mwaka 2025. Uamuzi huo uligharimu fedha nyingi, nao ulikuwa sahihi.

Kompyuta inaona treni isiyokuwapo, au haioni iliyopo

Njia yote imegawanywa vipande, na kanuni ni moja: kipande kimoja, treni moja. Sensa huhesabu treni zinapoingia na kutoka, na kila kipande huishia mahali ambapo treni inaweza kusimamishwa. Sensa ikikosea, mtambo wote husimama. Vyanzo vya kawaida hapa kwetu ni chumvi ya bahari iliyoingia kwenye viunganishi na kuacha unga wa kijani juu ya shaba, mwanya wa sensa uliosogea, waya uliotafunwa na panya, na maji ya masika kwenye masanduku ya nyaya ambayo mpira wake wa kuzibia ulifungwa vibaya.

Hatari haimo katika sensa iliyokufa. Imo katika mtu anayeamua kuiruka. Tarehe 2 Juni 2015, huko Alton Towers nchini Uingereza, treni ya The Smiler iliyobeba watu 16 iliigonga treni tupu iliyokuwa imekwama bondeni. Kompyuta ilikuwa imeisimamisha treni ya abiria kama inavyotakiwa. Wahandisi, wakiamini kwamba mbele hakuna kitu, waliuruka mfumo na kuiachia. Wasichana wawili walikatwa mguu mmoja kila mmoja, na mwaka 2016 kampuni ilitozwa faini ya pauni milioni 5. Treni ya ziada ilikuwa imeingizwa njiani na waliokuwa wakitengeneza hawakujua idadi ya treni zilizokuwamo.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kipande chochote kwa mkono, treni zihesabiwe kwa macho. Watu wawili waende, kila mmoja kivyake, waandike kila treni iko wapi, karatasi zao zilingane, na abiria wawe wameshashushwa. Kamera inasaidia, lakini kioo chake kikipata ukungu wa chumvi hakitofautishi behewa na nguzo.

Nyufa, kutu na bolti

Baada ya kukaza bolti kwa spana yenye kipimo cha mkazo, chora mstari wa rangi unaopita juu ya nati hadi kwenye bati. Mstari ukivunjika, nati imezunguka. Katika miezi ya mwanzo bolti chache zitahitaji kukazwa tena, na hilo ni la kawaida. Bolti ileile ikilegea mara ya pili si ya kukazwa bali ni ya kuulizwa, maana kuna kinachoitikisa. Usibadilishe bolti ya kawaida kwa ile ya chuma kisichoshika kutu ukidhani unaboresha. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi, moja huliwa, na hapa litakaloliwa ni bati lenyewe.

Ufa hujitangaza kwa rangi. Tafuta mstari mwembamba wa kutu unaochuruzika kutoka mahali rangi ilipopasuka, hasa pembeni mwa sehemu zilizochomelewa, kwa sababu rangi huvunjika pale chuma kilicho chini yake kinapofunguka na kujifunga. Safisha, pima kwa rangi ya kupenyeza au kwa unga wa sumaku, na ukikuta ufa, funga mtambo. Kumwita fundi wa kuchomelea kutoka mtaa wa Gerezani, hata awe hodari namna gani, hakuondoi sababu iliyoupasua, na joto la kuchomelea bila utaratibu wa mtengenezaji huweza kukiacha chuma kikiwa dhaifu zaidi pembeni mwa kiraka. Mwaka 2023 huko Carowinds, Marekani, ni mgeni aliyeiona na kuirekodi nguzo ya Fury 325 ikiachana na kusogea kila treni ilipopita. Mteja akija na simu yake kukuonyesha kitu, mshukuru na uende ukatazame. Kwa upande wa ekseli, huko Expoland, Osaka, tarehe 5 Mei 2007 ekseli ilikatika kwa uchovu wa chuma, mtu mmoja akafariki na 19 wakajeruhiwa. Ekseli hiyo ilikuwa haijabadilishwa tangu 1992. Zifunguliwe na kupimwa kwa ratiba, ziwe zinaonekana nzima au la.

Ardhi ya pwani ni ya mchanga, hivyo usawa wa misingi upimwe kabla na baada ya masika.

Breki na vizuizi vya abiria

Breki za sumaku hazihitaji umeme na mvua haizidhoofishi, ila haziwezi kuishikilia treni ikashikika. Zinapunguza mwendo tu. Treni ikifika kituoni kwa kasi isiyo ya kawaida, pima mwanya kati ya sumaku na mapezi yake, yaani bati za metali zinazopita kando ya sumaku. Breki za kubana hulowa, nazo ndizo huipitiliza treni wakati wa mvua. Zikichelewa kufunguka, chanzo mara nyingi ni maji ndani ya hewa, kwani unyevu wa jiji hili hujaza tangi la kompresa haraka. Limwagwe kila asubuhi, na yakitoka maji ya rangi ya kutu, chunguza vali pia.

Kizuizi cha mapaja kisichowasha taa ya kijani kinaweza kuwa kimeingiwa na mchanga au sarafu, sensa yake imechafuka, au silinda inavuja oili. Fundi achunguze akiwa na muda. Mwendeshaji hana cha kuchunguza: kiti kinafungwa, au treni inatolewa. Kila kizuizi kivutwe juu kwa mkono baada ya kujifunga, hata kama taa imewaka. Fimbo ya kupimia urefu nayo ni sehemu ya mtambo, na mzazi anayesema mwanawe si mwoga ajibiwe kwa adabu kwamba fimbo haipimi woga. Khanga, mtandio na kandambili vibaki kituoni.

Kitu kimedondoka

Kisiokotwe na kutupwa. Agosti 2021, kipande cha chuma kilichochomoka kwenye treni ya Top Thrill Dragster, Cedar Point, kilimjeruhi vibaya mwanamke aliyekuwa kwenye foleni. Simamisha mtambo, piga picha ya mahali kilipoangukia, kisha tafuta kilikotoka kwenye kila behewa hadi upate tundu linalolingana nacho. Foleni ikipita chini ya reli, wavu uwepo.

Umeme unapokatika

Treni iliyo mlimani hubaki imeshikwa na vyuma vya kuzuia kurudi nyuma, na iliyo njiani huteremka hadi kwenye breki, ambazo hujifunga hewa inapokosekana. Jenereta isiruhusiwe kuuwasha mtambo yenyewe. Wazungumzishe abiria kwa kipaza sauti ndani ya dakika ya kwanza, wapelekeeni maji kama jua ni kali, na wateremsheni kwa ngazi ya mlima mmoja baada ya mwingine, mfanyakazi mmoja akishika kizuizi na mwingine akimshika abiria mkono. Penye bonde lisilo na ngazi, piga 114 kuwaita Zimamoto na Uokoaji mapema, na ni vizuri wawe wameshafika kuuona mtambo siku ambayo hakuna dharura. Akiumia mtu, eneo liachwe kama lilivyo na taarifa ipelekwe OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi.

Umeme ukirudi, kila treni ihesabiwe, itembezwe tupu, muda wake kati ya sensa ulinganishwe na wa asubuhi, na fundi wa zamu asaini kitabu kabla geti la foleni halijafunguliwa.